Kifaranga wa Bata na Karanga Zenye Ukungu

Nazungumza na wenyeji wa Kasongo mjini, wa Kasongo-Rive kule mtoni, wa Nyangwe, na ndugu zetu wa Kabambare na Salamabila, kama leo hewa itatuvusha mpaka huko. Waliozoea kipindi hiki kwa habari za barabara na bei ya chumvi wanisamehe. Jioni hii tutasema habari za bata.

Si bata mkubwa, yule anayetembea uani kwa maringo kama chifu aliyechelewa mkutano. Nasema vifaranga, wale wa siku mbili tatu, wanaoletwa ndani ya kartoni iliyotobolewa matundu na kufungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi. Wanafika hoi kwa kiu, wanagombaniwa sokoni kabla jua halijawa kali, na ikifika wiki ya pili mama anakuja kuniuliza mbona wamebaki watatu. Sababu huwa anayo tayari mkononi: ni baridi, ni kipanga, ni jirani mwenye jicho baya. Mimi namuuliza neno moja tu: mama, walikuwa wanakula nini? Na jibu, mara nyingi mno, ni hili: "Walikula vizuri, baba. Tuliwapa zile karanga ambazo watu hawawezi kula."

Hapo ndipo penye jambo langu la leo. Lakini nisikimbie. Kuna vifaranga wanaokufa hata kabla ya kuionja hiyo karanga, kwa hiyo tuanze na usiku wa kwanza.

Kifaranga aliye na mama yake hana shida ya usiku. Anaingia chini ya bawa, basi. Huyu wa kwenye kartoni hana bawa la kuingia. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hivi, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka aote manyoya. Najua hakuna atakayekwenda kutafuta kipimajoto kwa ajili ya bata. Hakihitajiki. Waangalie wenyewe. Wakilundikana juu ya mmoja na kulia bila kukoma, wana baridi, na wa chini atakuwa amekufa kwa kukandamizwa ifikapo alfajiri. Wakijitenga kila mmoja kwenye kona yake, midomo wazi, wanaungua. Wakilala wametawanyika, huyu kanyoosha shingo, yule kanyoosha mguu nyuma, nenda ukalale na wewe.

Joto lenyewe tulipate wapi, na umeme tunaujua ulivyo? Wengi huweka mbabula ya makala chumbani na kufunga mlango. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Makala yanayowaka ndani ya chumba kisicho na hewa hutoa gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo haichagui kati ya bata na mtoto wako aliyelala kwenye mkeka kando yake. Chukua bidoni ya lita tano, jaza maji ya moto, kaza kifuniko, ifunge kwa kitenge kikuukuu, iweke katikati ya kartoni. Watailalia. Usiku wa manane utaamka kubadilisha maji. Hilo halina njia ya mkato, hasa kiangazi hiki cha mwezi wa sita mpaka wa nane ambapo alfajiri inauma.

Sakafu nayo. Usiwalaze juu ya karatasi laini wala plastiki. Kifaranga wa bata ana miguu mipana na misuli bado michanga. Akiteleza siku nzima, miguu inatanuka pembeni, kisha inabaki hivyo. Siku za kwanza tandika gunia kuukuu. Baadaye weka makapi ya mpunga, ambayo kwetu hapa ni mali ya bure kwenye kila kinu. Maniema ni nchi ya mpunga tangu enzi za Tippu Tip, ulipofika na misafara ya waungwana, na sijui kwa nini mpaka leo tunayachoma makapi yake kama takataka. Sharti moja: yawe makavu. Makapi yaliyolowa huota ukungu ndani ya siku chache, na vumbi la ukungu huo likiingia kwenye mapafu ya kifaranga, atahema mdomo wazi mpaka afe. Bata humwaga maji popote alipo, hiyo ndiyo tabia yake, kwa hiyo toa yaliyolowa kila asubuhi.

Mmeona? Tumeanza na joto na tayari tumeufikia ukungu. Sasa tuingie kwenye chakula.

Mwaka 1960, mwaka uleule tulioupata uhuru sisi huku, Waingereza walipatwa na msiba wa ajabu kwenye mashamba yao. Batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi. Waganga wa mifugo walitafuta kijidudu, hawakukiona, wakauita tu ugonjwa X wa batamzinga. Vifaranga wa bata nao wakawa wanakufa. Mwishowe wakafuata nyayo za chakula, wakafika kwenye mashudu ya karanga, yale mabaki baada ya kukamua mafuta, yaliyoletwa kwa meli kutoka Brazil. Watu wakawa tayari kusema basi, Wabrazili ndio wenye kosa. Haikuwa hivyo. Huku huku kwetu upande wa mashariki, Kenya na Uganda, vifaranga wa bata walikuwa wakifa vilevile, na mashudu waliyokula yalitokana na karanga za hapa hapa Afrika.

Mwenye kosa ni ukungu, ule wa rangi ya kijani inayoelekea manjano unaouona kwenye karanga iliyohifadhiwa na unyevu. Wataalamu wanauita Aspergillus flavus, na sumu yake wakaipa jina la aflatoksini. Wenzetu wa Tanzania wana jina lao, sumukuvu, nami nalipenda kwa sababu halihitaji kusomea.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya nichague mada hii. Wataalamu wa wakati ule walikuwa bado wanatafuta njia ya kuaminika ya kupima sumu hiyo kwenye chakula. Katika kutafuta mnyama wa kuwasaidia, walimchagua kifaranga wa bata wa siku moja. Walimpa dondoo ya chakula wanachokishuku, kisha wakamchunguza ini. Mifereji ya nyongo ikionekana imeongezeka kupita kiasi, wanajua chakula kile kina sumu. Kwa nini bata, si kuku? Kwa sababu katika ndege wote tunaowafuga nyumbani, kifaranga wa bata ndiye anayeangushwa upesi kuliko wote na sumu hii. Kuku anavumilia kiasi ambacho bata hawezi. Batamzinga yuko katikati.

Yaani Ulaya, kwenye maabara, walikuwa wanamwita kifaranga wa bata awaambie kama karanga ni mbovu. Sisi tunajua kabisa kwamba karanga ni mbovu, tumeziona kwa macho, tumezionja zikawa chungu, tukazitema, halafu tunampelekea yeye.

Na dalili zake mnazijua, ila mnazipa majina mengine. Kifaranga anaacha kula. Hakui, wenzake wanampita kimo. Anapepesuka. Miguu yenye rangi ya chungwa inaanza kuwa na madoa ya zambarau, kwa sababu damu inavuja chini ya ngozi. Mwisho anaanguka ubavu, shingo inapinda kuelekea mgongoni, miguu inapiga hewa, anakufa. Wengi wanasema ni kifafa, wengine ni mashetani. Mpasue huyo aliyekufa uangalie ini. Ini zima huwa jekundu la kahawia. La huyu limepauka, pengine limevimba. Usimle, na usimtupie mbwa.

Kuna mama mmoja hodari sana wa bata, simtaji kwa sababu hapendi, aliniambia: "Mimi nazikaanga kwanza, moto unaua kila kitu." Moto unaua ukungu, kweli. Sumu ambayo ukungu umeshaiacha ndani ya karanga haiuawi kwa moto wa jikoni. Ukizichemsha, ukizikaanga, ukizitwanga zikawa unga, sehemu kubwa itabaki. Wala hakuna dawa ya kumpa kifaranga aliyeshakula. Kuna wanaomkamulia limau, kuna wanaompa maziwa. Mimi sijaona kwa macho yangu limau likirudisha ini.

Na mahindi je? Mahindi ni yaleyale. Mwaka 2004 huko Kenya, wilaya za Makueni na Kitui, watu waliugua baada ya kula mahindi yao wenyewe, ya shambani kwao, waliyoyaweka ndani na unyevu. Watu 317 waliandikwa kuwa wagonjwa, 125 wakafariki. Ni watu hao, si bata. Mzee mwenye nyumba alikufa kwa ugali. Mimi nikisikia hesabu hiyo nakumbuka jinsi tunavyovuna mahindi mvua ikinyesha na kuyarundika kwenye kona ya nyumba mpaka Jumapili.

Basi tuwape nini?

Kwanza mjue kifaranga wa bata si kuku mwenye mdomo bapa. Kuna vitamini moja, inaitwa niasini, ambayo yeye anaihitaji karibu mara mbili ya kifaranga wa kuku. Akiikosa, miguu inalegea na kupinda, kifundo kinavimba, anatembea kwa kukalia visigino. Tofauti na yule wa sumu, huyu macho yake ni mazima na hamu ya kula anayo, ila miguu haimbebi. Unga wa mahindi peke yake ndio unaoleta hali hiyo, kwa kuwa niasini ya mahindi imefungwa ndani na tumbo haliwezi kuitoa. Na wengi wetu huwapa nini? Unga wa mahindi uliokorogwa na maji, asubuhi na jioni, na tunajisifu.

Koroga pumba laini za mpunga, zile za unga unga, si makapi, na wali kidogo au mahindi safi yaliyosagwa. Ongeza ndagala waliotwangwa, wale wakavu wa Ziwa Tanganyika wasiotiwa chumvi. Kidogo tu kinatosha. Konzi moja kwa kundi. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, siku hiyo ni Idi kwa bata na watoto pamoja. Vunja kipande cha kichuguu uwape mchwa. Chimbua nyungunyungu nyuma ya bafu. Lengalenga na matembele yakatwe madogo madogo kabisa, maana mdomo wa bata haukati, unachota. Karanga nazo zina niasini nyingi, sitaki mtoke hapa mkisema nimeipiga marufuku karanga. Nzuri, ngumu, nyeupe ndani, isiyokunjamana, itwange umpe. Ile ambayo wewe ungeiweka kwenye mwambe wa mgeni, hiyo ndiyo ya kifaranga.

Msiwape makayabo, chumvi yake inaua. Msiwape avoka, ni sumu kwa ndege. Sombe mbichi, hapana.

Chakula kisiwekwe bila maji kando yake. Kaa chini umtazame kifaranga anavyokula, ni kitu cha kupendeza: anachota tope la pumba, anakimbilia maji, anazamisha mdomo mpaka kwenye matundu ya pua, anapuliza viputo viwili vitatu, anatikisa kichwa na kukurushia matone usoni, anarudi kwenye pumba. Anasafisha pua. Akikosa maji ya kina hicho, chakula kinakauka kwenye matundu ya pua, au kinamkwama kooni. Kwa hiyo kisahani kifupi cha kuku hakitoshi. Chukua bakuli, jaza maji yafike pua, kisha panga mawe safi ndani yake mpaka abakiwe na nafasi ya kuingiza kichwa tu, asiweze kuingia mwili mzima.

"Lakini bata ni wa majini!" Naisikia sauti ya baba mmoja kule Nyangwe. Ni kweli, baba. Ila manyoya ya kifaranga ni kama pamba tu kwa sasa. Akiwa na mama yake, mafuta ya mama yanampaka kila akilala chini yake, na akitoka majini anarudi kukaukia palepale. Huyu wa kartoni mafuta yake mwenyewe bado haba. Umtie kwenye beseni watoto wafurahi, atalowa mpaka kwenye ngozi, atapoa, na usiku huo utampoteza. Subiri manyoya ya kweli yafunike kifua na mgongo. Ukitaka sana kuwaona wakiogelea mapema, basi maji ya vuguvugu, adhuhuri yenye jua, muda mfupi, na uwakaushe. Lualaba haihami, wataikuta.

Kuhusu aina ya bata sina maneno mengi. Wale wengi mnaowaona hapa, wakubwa, wenye nyama nyekundu iliyovimba usoni, wasiopiga kelele bali wanafoka kama nyoka, asili yao ni Amerika ya Kusini. Wareno ndio waliosaidia kuwasambaza Afrika. Ni bata mzuri kwa nchi hii. Anakula majani, hasumbui sana kwa kutaka bwawa, na jike lake linalalia mayai kwa moyo wote. Ila mjue mayai yake huchukua siku 35 hivi, si 28 kama bata wengine wala 21 kama kuku. Wapo waliotupa mayai mazima siku ya 30 wakidhani yameoza.

Msiwachanganye na kuku wenu. Kideri kinapopita kiangazi na kusafisha kuku wa mtaa mzima, bata husimama tu akitazama, lakini anaweza kuwa anabeba virusi vya kideri bila kuugua. Na ikitokea bata wenyewe wanakufa wengi kwa siku moja mbili, wakubwa kwa wadogo, hiyo si karanga tena; toa taarifa kwa mganga wa mifugo, usiuze hata mmoja. Mwaka 2017 homa ya mafua ya ndege iliingia Ituri, kandokando ya Ziwa Albert, ikaua bata na kuku. Kutoka Ituri mpaka kwetu ni mbali, lakini kartoni ya pikipiki haijui mbali.

Siafu, nguchiro, panya, kipanga: hao mnawajua kuliko mimi. Majivu ya moto kuzunguka banda kwa siafu, wavu wa matundu madogo kwa wengine. Na kwa wale wa upande wa Salamabila, ambako watu wamelazimika kukimbia zaidi ya mara moja wakiacha mbuzi na mashamba, najua kwa nini bata mnampenda: majike mawili na dume moja wanabebeka kwenye tenga, na unaweza kuanza upya popote.

Nimebakiwa na dakika chache, na kuna swali lililoletwa kwenye kikaratasi. Muulizaji anasema amenunua gunia zima la karanga, akalifungua, akakuta ukungu. Afanye nini, naye fedha imeshatoka?

Zimwage kwenye turubai, mchana, uzichambue kwa mkono moja moja. Toa zilizoota kijani, zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika. Sumu haikai sawasawa kwenye gunia. Imejazana kwenye punje chache mbovu, kwa hiyo kuchambua kunapunguza hatari kwa kiasi kikubwa sana. Zilizobaki zianike mpaka zitoe sauti kavu ukizitikisa, juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na zisilale nje usiku zikapata umande.

Tatizo liko kwenye lile rundo dogo la mbovu. Kwa desturi yetu, karanga mbovu haitupwi, inashuka. Zile nzuri zinakwenda kwa mteja wa mjini, za kati tunakula wenyewe, na za chini tunawapa wanyama, au, na hili wauzaji watanikasirikia, zinasagwa zikawa siagi ya karanga na kuuzwa kwa kijiko, kwa bei ya chini, kwa mtu asiye na fedha ya kununua karanga nzima. Zikishasagwa na kutiwa chumvi na pilipili, hakuna jicho litakaloziona tena. Mwenye kutaka siagi anunue karanga nzima, hata kama ni kopo moja, azichambue, atwange nyumbani. Na hilo rundo la mbovu, ndugu yangu muulizaji, lichimbie shimo mbali na kisima, ulifukie kina cha kutosha bata asilifukue. Ni hasara, najua. Zipime kwanza kwa kopo, umwambie aliyekuuzia ni makopo mangapi, umwambie mbele ya watu, siku ya soko.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutasema jinsi ya kutambua dume na jike kabla hawajakua, maana kuna waliouziwa madume matupu. Kwa leo, usiku mwema.